Siku Nilipomuua Nkambo kwa Kidole Gumba

Nilimuua nkambo yangu siku ya Jumamosi, saa tatu za asubuhi, nikiwa nimekaa chooni. Nilitumia kidole gumba kimoja tu. Naanza na hilo ili usije ukalisikia kwa watu wengine, maana watu wa avenue yetu wanapenda kuongeza chumvi, na mimi ni mmoja wa waliowafundisha.

Nkambo ni mama mzazi wa mama yangu. Kosa lenyewe lilianzia ndani ya valizi ya mama, ile ya chini ya kitanda yenye karatasi za nyumba nzima. Nilikuwa natafuta buleti yangu ya shule, ile karatasi ya alama, nipate kuificha vizuri zaidi kuliko yeye alivyoificha. Buleti sikuiona. Niliona picha. Nkambo amesimama mbele ya ua wa lupango letu, yaani kiwanja chetu cha nyumba, kitenge kimefungwa kifuani, na nyuma ya bega lake kimetokeza kichwa kikubwa kama boga. Kichwa hicho ni mimi.

Nikaipiga ile picha picha nyingine kwa telefone, nikaenda nayo chooni, mahali pekee ambapo mtoto wa mwisho katika nyumba ya watu saba anaachwa peke yake. Rangi zilikuwa zimegeuka nyekundu kwa uzee, nikaifanya nyeusi na nyeupe. Kisha nikaiweka kwenye statu yangu, pale ambapo picha inakaa siku moja, kila mwenye namba yako anaiona, halafu inapotea. Nilitaka kuandika chini yake neno la kuchekesha. Nikatafuta, nikatafuta, halikuja. Nilikuwa nimemkumbuka tu. Kwa hiyo sikuandika kitu. Mara ya kwanza maishani mwangu nilifunga mdomo, na angalia kilichotokea.

Kama wewe si wa Lubumbashi labda bado hujaliona kosa. Wa hapa amekwisha kushika kichwa. Kwetu, ukiweka picha ya mtu mzee, nyeusi na nyeupe, bila neno la siku ya kuzaliwa, maana yake ni moja. Na hakuna atakayekuuliza. Kumuuliza mfiwa kama ni kweli amefiwa ni kukosa adabu, ni kama kumhesabia mgeni vipande vya nyama. Unafunga kitenge, unachukua makaa kidogo au unga, unakwenda kulia pamoja naye. Maswali yatakuja baadaye.

Mimi hayo sikuyawaza. Umeme ulikuwa umekwenda tangu jana yake, telefone ikanizimikia mkononi, nikaitupa kitandani, nikaenda kucheza mpira.

Mbele ya kukupeleka huko kwenye kilio, subiri nikuonyeshe huyo niliyemuua.

Nilipokuwa na miaka sita, saba hivi, Nkambo alikaa nasi, na mimi nilikuwa telefone yake. Ndivyo alivyoniita. Kila asubuhi, mama hajawasha bado mbabula, jiko letu la makaa, Nkambo alinisukuma kwa mguu ndani ya blanketi: "Telefone, amuka. Enda uone kama bantu balilala muzuri." Nami nilitoka na matongotongo yangu kwenda kwenye malupango matatu, la kuume, la kushoto na la ng'ambo ya njia. Wakati huo hakukuwa na kuta. Kulikuwa na ua wa miti, na kila ua ulikuwa na tundu la kimo changu, nililolichonga mwenyewe kwa kupita. Uwanja wa kila mtu ulikuwa umefagiliwa upya, mistari ya fagio imelala kama nywele zilizochanwa, nami nilikanyaga katikati na kutukanwa vizuri. Moshi wa makaa, uji wa mahindi, sabuni ya wanaokwenda kazini. Mpaka leo nikisikia harufu ya makaa mabichi yanayokataa kushika, mguu wangu unatafuta tundu la ua.

Lupango la kuume alikaa mama wa vitenge, mtu wa Kasai, aliyejibu salamu huku anapiga mswaki, ukapata salamu na povu pamoja. La kushoto, baba mmoja aliyefanya kazi ya reli, na mke wake na watoto. Ng'ambo, mama wa vitumbua. Kwa mama wa vitumbua ndipo nilipoonyesha akili yangu. Ujumbe wa Nkambo ulikuwa mfupi: anasalimia, anauliza mmelalaje. Mimi niliufikisha hivi: "Nkambo anasalimia, anauliza mulilala namna gani, na anasema munipatie bitumbua mbili."

Msimu mzima wa mvua nilikula. Mwisho wake mama wa vitumbua alikuja mwenyewe kwa Nkambo, akaketi, akamuuliza kwa heshima mtu aliyebakiwa na meno manne anavifanya nini vitumbua vyote vile. Nkambo alinitazama. "Ni kweli," akasema, "nilimutuma." Mgeni alipoondoka alinishika sikio, akalizungusha kama ufunguo. "Habari haina miguu, wee mutoto. Inapanda pa mugongo ya muntu. Ukiiongezea muzigo, itaanguka na weye."

Usifikiri ilikuwa michezo tu. Asubuhi moja ya mwezi wa sita, ile baridi yetu inayouma masikio, nilifika kwa baba wa reli nikapiga hodi, hakuna sauti. Nikapiga tena. Nikarudi kumwambia Nkambo kwamba wale wa kushoto bado wamelala, nikitaka kurudi kwenye blanketi langu. Nkambo alikwenda anakimbia, na sikuwa nimewahi kumwona anakimbia, akaita wanaume, wakavunja mlango. Walikuwa wamelala na mbabula ndani kwa ajili ya baridi. Walitolewa nje mmoja mmoja, wamelegea kama nguo zilizolowa, wakalazwa kwenye hewa. Wote wakaamka. Tangu siku hiyo sikunung'unika tena kuamshwa. Vitumbua, lakini, niliendelea kuviomba.

Sasa siwezi kukuambia ni siku gani nilifukuzwa kazi. Telefone ya kweli ilikuja nyumbani polepole. Kwanza ile ya baba, yenye vitufe, iliyofungwa kwa mpira usifunguke mgongo. Halafu ya mama. Halafu ya kila mtu. Kuta za matofali zikapanda, juu yake vipande vya chupa, na matundu yangu yote matatu yakazibwa. Avenue ikapata gurupu yake ndani ya telefone, na humo kila asubuhi mama wa vitenge anatuma ua moja la waridi na kikombe cha chai na maneno "Amkeni na baraka." Waridi ni lile lile kila siku. Watu ishirini wanajibu amina wakiwa bado kitandani. Baba wa reli naye anajibu amina, na sisi tunasema, haya, yuko mzima. Ukuta wake uko hatua kumi kutoka dirisha letu, na sijui tena mlango wake una rangi gani.

Nkambo alikaa katikati yetu sebuleni, sisi sote tumeinamisha vichwa. Siku moja alimuuliza mama kwa sauti ndogo: "Banasali?" Mama akasema hapana, wanaangalia telefone. Nkambo akatuhesabu kwa kidole, akamaliza, akasema: "Beko hapa bote, na hakuna muntu." Mwaka ule ule alirudi Lukafu, kijijini kwake, kwenye muhogo wake.

Huko Lukafu rezo, mtandao wa telefone, haishuki chini. Inapatikana juu ya kichuguu kimoja kikubwa nyuma ya shule, na mwenye neno na mjini anapanda. Magoti ya Nkambo hayapandi kitu. Kwa hiyo mjomba wangu ndiye aliyepanda kila Jumapili, akatuambia Nkambo yenu anaendelea vizuri, akashuka. Vakansi kubwa iliyopita, likizo ndefu ya shule, mama aliniambia niende nikamsaidie kuvuna. Nikasema: "Nitafanya nini kule, hakuna rezo." Nilisema mbele ya watu, na maneno yangu yalipata mgongo wa kupanda, yakafika. Baada ya wiki mbili mtu wa makaa anayetoka Lukafu alisimamisha kinga yake, baiskeli ya mizigo, mlangoni petu, jasho linamtoka, akashusha mfuko wa karanga. "Nkambo yenu anasema, ni ya mutoto wa rezo."

Karanga zile nilizimaliza. Sikujibu.

Haya, turudi Jumamosi.

Natoka kwenye mpira, jua liko kichwani, naona makochi yetu yako nje, yamepangwa kando ya ukuta yanaota jua. Nikafikiri tunahama na hakuna aliyeniambia. Halafu nikaona viatu. Viatu vya wanawake vimejaa mlangoni, na ndani sauti ile ambayo huhitaji kufundishwa. Mikeka imetandazwa sebuleni, wanawake wameketi chini, na mama yangu katikati, kitambaa cha kichwa kimemdondoka.

Nikamshika mkono mtoto wa jirani. "Nani amekufa?"

"Nkambo yako," akasema. "Pole, yaya," kama wadogo wanavyotuita sisi wakubwa.

Utacheka, na una haki. Nililia. Mimi, mwuaji mwenyewe, nilikaa chini kwenye vumbi, nikalia mpaka jezi yangu ikalowa. Picha niliyoiweka asubuhi haikunijia kichwani hata kidogo. Kilichonijia ni mfuko wa karanga. Niliona mkono wa Nkambo unazichagua moja moja, unatupa mbovu, unatia nzuri, kwa ajili ya mtu ambaye hakutaka kwenda. Nilijiambia, basi, ndivyo utakavyobaki: mutoto wa rezo.

Upande wa wanaume, baba wa reli alikuwa ameshika uongozi wa kilio, kwa kuwa baba yangu alikuwa kazini kwenye mgodi wa Kinsevere na hawatoki mbele ya jioni. Mbabula tatu zimewashwa, viti vya plastiki vimekuja vyenyewe. Mama mkubwa, dada wa mama anayeuza samaki Kasenga, alikuwa amekwisha kupiga telefone analia: yuko ndani ya basi, anakuja. Kila kitu kilikwenda vizuri, na kingeendelea hivyo, isipokuwa baba wa reli ni mtu wa mpango. Akaja mlangoni, akakohoa kwa heshima.

"Mama, utusamehe. Ni juu ya kupanga safari. Mwili iko wapi? Iko Lukafu ao bameileta ku morgi ya hospitali?"

Mama akafuta macho. "Mie sijue, baba. Uulize mama wa vitenge, njo aliniletea habari. Aliingia hapa analia, nikaelewa."

Mama wa vitenge alikuwa analia kwa nguvu kuliko watu wote, na kumbuka kwamba tangu ukuta ule ujengwe hakuwa amekanyaga kwetu. Akanyamaza ghafla. "Mie? Mie niliona ku statu ya mwana yako. Nikasema, kama mutoto ameweka, ni kusema bamemuambia."

"Mutoto gani?"

Wote wakageuka. Mimi nilikuwa mlangoni, makamasi yananifika kidevuni.

Sasa ikanijia. Choo. Kidole gumba. Nyeusi na nyeupe. Na mwili wangu, ambao haujawahi kunisaidia, ukacheka. Kicheko kimoja, kama kikohozi, katikati ya matanga. Nilicheka kwa sababu mawe yote yalinitoka kifuani mara moja: Nkambo hajafa, nimemuua mimi tu. Nikaeleza picha, valizi, rangi nyekundu. Sikuongeza hata neno, na hiyo kwangu ni kazi. Baba wa reli akavua kofia, akaivaa tena. Mwanamke mmoja akasema pole pole, "Na sombe yangu niliacha pa moto." Nilijua kipigo kinakuja, nikajipanga.

Mama hakunyanyuka.

"Picha ni ya uongo, sawa," akasema. "Sasa nani hapa ataniambia kama mama yangu iko muzima?"

Kulikuwa na watu zaidi ya thelathini mle na nje, na telefone nyingi kuliko watu, na hakuna aliyeweza kumjibu. Mama akapiga kwa mjomba: haipatikani. Akapiga tena. Ndipo akahesabu kwa vidole, nikamwona anahesabu, na mimi nikahesabu naye. Mjomba hakuwa amepanda kichuguu Jumapili tatu. Sisi hatukushtuka, kila mmoja alidhani amempigia mwingine. Raha yangu yote ikaoza. Unaweza kusema uongo ukamkuta ukweli amekwisha kufika kabla yako.

Wanawake waliacha kulia, lakini hawakuondoka kwenye mikeka. Hakuna aliyejua hii sasa ni kilio au ni nini. Walikaa hivyo hivyo, saa moja, saa ya pili. Mtu akapika bukari, kwa kuwa watu wapo na unga upo. Mimi nilikaa peke yangu kwenye kochi la nje, na hakuna aliyetaka kukaa kando yangu. Nilimwambia Mungu kwamba nitakwenda Lukafu hata bila betri. Nikaongeza kwamba nitavuna. Nikaongeza muhogo wote.

Telefone ya mama ililia mara moja, kilio kifupi cha ujumbe. Sauti iliyorekodiwa, kutoka kwa mjomba. Mama hakuweza kuibonyeza, mama wa vitenge akambonyezea. Kwanza upepo. Halafu mtu anahema. Halafu yeye.

"Allo? Naongea mu fasi gani? Hapa? Haya. Yambo, mwana wangu. Yambo na ba lupango ya kuume, yambo na ba kushoto, yambo na ba ng'ambo. Banasema nilikufa, kuko mwenye alipanda kichuguu akashuka na hiyo habari. Natoka ku shamba na muhogo pa kichwa, nakuta bantu bananililia ku mulango yangu. Niliuliza, nani alikufa? Batatu bakakimbia. Ndugu yako ananibeba pa mugongo kufika hapa juu ya kichuguu, na anapumua sana kuliko mie mwenye nilikufa. Alikuwa na malaria, njo maana hakupanda hizi siku. Telefone yangu iko wapi? Wee Telefone. Kimbia ku malupango tatu, ubaambie niko muzima. Na usiongeze neno yako."

Sitaeleza kelele zilizofuata. Watu walisikiliza ujumbe ule mara sita, na kila mara pale pa "batatu bakakimbia" walianguka kwenye mikeka upya. Baba wa reli alicheka huku anafuta macho kwa kofia. Mama aliishika telefone shavuni kama mtu anayelala.

Nami nilikimbia. Watu wa malupango yote matatu walikuwa kwetu, ndivyo nilivyodhani, lakini nilikuwa nimetumwa. Kwa mama wa vitenge geti lilikuwa wazi, hakuna mtu. Kwa baba wa reli vilevile. Mlango wake ni wa bluu. Ng'ambo ya njia nilimkuta mama wa vitumbua, amezeeka, ameketi anachambua maharage kwa kupapasa, macho yamekwisha. Hana telefone. Katika avenue nzima yeye peke yake hakuwa amempoteza Nkambo siku ile.

"Nkambo anasalimia," nikasema. "Anasema iko muzima."

"Aksanti," akasema, kama vile haijapita miaka kumi bila mimi kuja. "Na nini ingine?"

Nisingeweza. Na wewe usingeweza. "Na anasema munipatie bitumbua mbili."

Alicheka mpaka sinia la maharage likatikisika magotini. Vitumbua hakaangi tena, siku hizi moto haumwoni wala yeye haoni moto. Alinipa muhogo wa kuchemsha, nikala nimesimama, akaniuliza habari za mtu mmoja mmoja.

Watu walikaa kwetu mpaka jua likaanza kushuka, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kukaa. Mama mkubwa alishuka kwenye basi na gunia la samaki, akaanza kulia tangu kona ya avenue, na watu walipotoka kumpokea wanacheka alidhani huzuni imewarusha akili. Samaki wale waliliwa wote. Nilitazama ule uwanja, makochi nje, watu wamesahau telefone zao kwenye madirisha, nikaona kwa mara ya kwanza kitu nilichokuwa nacho nikiwa na miaka sita na sikujua kama kina jina. Matundu ya ua hayarudi, matofali ni matofali. Asubuhi iliyofuata mama wa vitenge alituma waridi lake kama kawaida. Lakini mwanzo wa mwezi ujao nina nafasi juu ya lori la Lukafu, na telefone naiacha kwa dada yangu, aniharibie.

Jioni hiyo, baba amekwisha kurudi na kusimuliwa, tulirudisha makochi ndani, mama na mimi, yeye mbele mimi nyuma. Tulipomaliza aliomba telefone yangu. Umeme ulikuwa umerudi, niliichomeka nikaiwasha. Picha bado ilikuwepo, muda wake haujaisha. Aliitazama, akaikuza kwa vidole viwili mpaka uso wa Nkambo ukajaa kioo, kisha akanirudishia. Nilikuwa bado nangoja kofi. Alisema tu hivi:

"Yangu usiiweke fasi yoyote. Ukiniwaza, kuya uniangalie."